Hiyo 126 Mnayotuuzia Ni Hesabu ya Matundu, Si Mpango

Wadau, leo sina mzaha.

Wiki jana kijana mmoja, mwenzangu kwa hii kazi ya kompyuta, alinitumia picha ya mchoro akaniuliza kama uko sawa. Ni mchoro wa Sacco ndogo: seva tatu, makabati mawili ya diski za mtumba, diski 14 kila moja, na mashine moja ya tepu ya bakapu. Vyote vimeunganishwa kwa lupu moja ya Faiba Chaneli. Chini ya mchoro muuzaji ameandika kwa herufi kubwa kwamba lupu inabeba vifaa 126, nyinyi mmetumia 32 tu, nafasi ya kukua ni tele.

Nafasi ya kukua! Nilisoma hayo maneno nikaweka simu chini nikaenda kupika chai, maana ningejibu hapo hapo ningetukana mtu.

Sasa najibu. Na sijibu kijana peke yake. Najibu wauzaji, najibu mameneja wanaotia sahihi bila kuuliza swali hata moja, na najibu pia wenzangu wa kutengeneza video ambao wanaimba 126, 126, kama shairi la darasa la tatu. Hiyo namba ni ya kweli. Ndiyo maana inadanganya vizuri.

Inatoka wapi? Anwani ya kila kifaa kwenye lupu ni baiti moja. Baiti moja ina thamani 256, lakini waliounda kanuni walitaka zile tu ambazo zikigeuzwa kuwa biti 10 za kusafiri kwenye waya zinakuwa na sifuri tano na moja tano, ili mawimbi yasiegemee upande mmoja. Ukitoa pia zile zilizotengewa kazi nyingine, zinabaki 127. Moja ni ya swichi, kama ipo. Zilizobaki 126 ndizo za seva na diski. Basi. Hakuna mahali popote mtu alisema vifaa 126 vitafanya kazi vizuri pamoja. Ni kama kitabu cha mahudhurio chenye mistari 126. Mistari haikuambii darasa lina madawati mangapi.

Na tuwe wa haki kidogo. Lupu ilipokuja miaka ya 1990 ilikuwa mkombozi. Kabla yake ulikuwa na SCSI ya waya mpana, vifaa 16 ukihesabu na upande wa seva, na waya haupiti mita 25 hata kwa ile aina nzuri. Swichi za Faiba Chaneli zilikuwa ghali ajabu. Mtu akakuambia unaweza kushikanisha diski na seva kwa mduara, bila swichi, kwa faiba ya kufika mamia ya mita, nani angekataa? Mimi pia ningekubali. Shida yangu si lupu. Shida yangu ni kuipanga kwa kuhesabu matundu.

Kwa wale hawajawahi kuiona ikifanya kazi, chukua chama cha mzunguko, kile cha kuchangiana na kupokea kwa zamu. Wanachama wamekaa duara. Kila mtu ana namba. Anayetaka kuzungumza anapitisha ombi, ombi linazunguka duara lote likirudi kwake bila mwenye namba ndogo kulipiku, anashika nafasi. Anachagua mmoja wa kuzungumza naye. Hao wawili wakizungumza, wengine wote kazi yao ni kupitisha maneno kwa jirani. Wakimaliza wanaachia. Kuna na ile sheria ya adabu, kwamba ukishapata zamu yako usiombe tena mpaka wengine waliokuwa wanaomba wapate.

Umeona? Wawili kwa wakati mmoja. Si wawili kwa kila kabati, si wawili kwa kila seva. Wawili kwa lupu nzima. Kasi ya lupu ya gigabiti 1 ni kama megabaiti 100 kwa sekunde, na hiyo ni chungu kimoja ambacho wote 32 wanachota. Ukiongeza kabati la tatu chungu hakikui. Unaongeza tu walaji.

Muuzaji hapa huwa anajibu: "Lakini boss, mchana iko sawa, njoo uangalie." Na ni kweli! Mchana iko sawa. Diski ya kasi ya mizunguko 15,000 kwa dakika inajibu maombi madogo kama 150 kwa sekunde. Karani akifungua akaunti ya mwanachama, seva inaomba vipande vidogo, tuseme kilobaiti 8. Zidisha: diski moja inatoa karibu megabaiti 1.2 kwa sekunde. Diski zote 28 zikikimbia kwa nguvu zao zote unapata kama 34. Lupu ya 100 inacheka tu.

Sasa ngoja saa nne usiku. Bakapu inaanza. Hapa seva haiombi vipande vidogo, inasoma mfululizo, mstari mrefu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na diski kama hizo mbili tu zikisoma hivyo zinaweza kuijaza lupu. Halafu angalia mchoro wa kijana tena. Mashine ya tepu iko kwenye lupu ile ile. Kila baiti inatoka kwa diski kwenda kwa seva, halafu inatoka kwa seva kwenda kwa tepu, kwa barabara hiyo hiyo moja. Inalipa nauli mara mbili. Ile 100 yako imekuwa 50 kabla hata hujaamka kwenda msalani.

Lakini kasi si ndiyo inayoniuma. Mwendo wa polepole haujaua mtu. Kinachoniuma nilikiona mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya mafunzo ya kazi, ile atachimenti yetu ya miezi mitatu, kwa Sacco moja ambayo siitaji, katika mji ambao pia siutaji. Walikuwa na mchoro kama huu. Karibu sawa kabisa, ni kama muuzaji ni yule yule. Moja ya seva zao ilikuwa na programu iliyokuwa inachoka ikikaa siku mbili tatu bila kuzimwa, kwa hivyo fundi aliyenitangulia alikuwa ameiwekea saa: ijizime na kujiwasha yenyewe kila siku saa tano usiku. Suluhisho la kawaida kabisa. Ofisi nyingi zina hiyo kitu.

Shida ni kwamba kwenye lupu hakuna mtu anayetoka au kuingia kimyakimya. Kifaa kikijiunga, duara lote linasimama. Mafundi wanaita LIP. Mkutano unavunjwa, anachaguliwa msimamizi wa muda, namba zinagawanywa upya kwa kila mmoja, halafu ndiyo mazungumzo yanaendelea. Kwa diski hiyo ni kwikwi tu, seva inarudia ombi na maisha yanaendelea. Kwa tepu iliyo katikati ya kuandika, kazi inaweza kuvunjika hapo hapo. Bakapu ilianza saa nne. Seva ilijiwasha upya saa tano. Kila usiku, bakapu ya Sacco hiyo ilikuwa inakufa ikiwa na umri wa saa moja.

Je, hakukuwa na ripoti? Ilikuwako. Ilikuwa inachapishwa kila asubuhi, na juu yake imeandikwa imekamilika ikiwa na makosa. Watu walikuwa wanasoma neno la kwanza.

Diski moja ikafa siku ya Jumanne. Hakuna wasiwasi, diski zilikuwa zimepangwa ziweze kustahimili kifo cha moja, na ya akiba ikaanza kujazwa. Lakini kujaza diski ya akiba kunataka kusoma zile nyingine zote za kundi lake, na kusoma kunataka lupu, na lupu ilikuwa imeshikwa na bakapu usiku na makarani mchana. Kazi ambayo ingechukua saa chache ikaburuta mpaka Alhamisi. Alhamisi alasiri diski ya pili ya kundi lile lile ikafuata mwenzake.

Meneja akaniita. "Kijana, lete tepu."

Nikaleta tepu. Nikaleta ya jana, ya juzi, ya wiki iliyopita. Zote zilikuwa zinafika mahali pamoja na kukatika. Ukitaka kujua uso wa mtu mzima unavyogeuka, simama karibu na meneja wa Sacco wakati tepu ya nne inakataa.

Ilikuwa Januari. Mnajua Januari ni nini kwa mwanachama wa Sacco. Kulikuwa na foleni mpaka nje ya geti ya wazazi wanaotaka mikopo ya karo, na makarani ndani wanaandika upya vocha za karatasi, moja baada ya nyingine, kwa siku 11. Kuna mama mmoja anauza mboga karibu na steji, alinishika mkono kwenye ngazi akaniuliza, "Mwanangu, pesa yangu iko ama haiko?" Mimi ni mwanafunzi wa atachimenti. Nikamwambia, "Iko, mama." Sikuwa najua. Ilipatikana, Mungu saidia, kwa sababu yeye alikuwa ameweka risiti zake zote kwenye mkebe wa biskuti. Bakapu ya mkebe ilishinda ya tepu.

Ndiyo sababu ukiniambia "nafasi ya kukua ni tele" mimi nasikia foleni ile.

Sasa kuna wale watasema, lakini hiyo ni bahati mbaya. Hapana. Bahati mbaya ni diski mbili kufa wiki moja. Tepu kuwa kwenye lupu ya diski ni uamuzi. Seva inayojizima kila usiku kuwekwa kwenye lupu ya bakapu ni uamuzi. Kulikuwa na siku mtu alikaa na kalamu akachora hivyo, na akalipwa.

Na kuna wale wajanja zaidi. Hao hukuuzia lupu mbili. Lupu A na lupu B, kila diski ina milango miwili, kila seva ina kadi mbili, moja ikikatika nyingine inabeba. Hapo nakubaliana nao, hivyo ndivyo inatakiwa. Lakini nenda nyuma ya kabati ufuate waya kwa kidole. Nimeona lupu A na lupu B zinaingia kwenye habu moja. Nimeona habu mbili, safi kabisa, zimechomekwa kwenye ekstensheni moja ya stima. Nimeona waya mbili zimefungwa pamoja kwa kamba ya plastiki na kupitishwa chini ya mlango mmoja ambapo mlinzi anaegesha kiti. Hizo si njia mbili. Hiyo ni njia moja iliyonenepa.

Kama unadhani nakuza mambo, kumbuka tarehe 12 Mei 2024. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kuzungusha kile kiduara cha kusubiri. Kwenye karatasi zilikuwa kebo mbili, majina mawili, wenyewe tofauti. Kwenye maji zilikuwa zinapita pwani moja. Kama hilo linawezekana kwenye Bahari Hindi, basi chumba chako cha seva cha mita tatu kwa nne kisikupe usingizi.

Halafu hiyo milango miwili ina mtego wake ambao hauandikwi kwenye bei. Seva ikifika kwenye diski kwa njia mbili bila programu ya kuiambia kwamba njia zote zinaenda pahali pamoja, inaona diski mbili. Niliwahi kufungua orodha nikakuta diski 28 wakati kabatini ziko 14, na fundi amefurahi, anadhani amepata za bure. Aki sikutaka kumvunja moyo. Lakini mruhusu aanze kuandika kwa "zote mbili" uone data itakavyogeuka uji.

Kitu kingine, na hiki nitapita haraka: kabati za mtumba zina kiswichi kidogo nyuma cha namba ya kabati, na diski zinachukua anwani zao kutoka hapo. Ukinunua makabati mawili kutoka kwa wauzaji wawili, mara nyingi yote yanakuja na namba moja. Yatawaka. Yatafanya kazi. Anayekosa anwani yake atapewa yoyote iliyobaki, na siku stima ikipotea na kurudi, anaweza kuamka na nyingine. Kama seva yako inakumbuka diski kwa anwani badala ya lile jina la kudumu la tarakimu 16, umeisha. Badilisha namba kabla ya kuchomeka. Ni sekunde tano na bisibisi.

Sasa upande wa pili, maana najua mnaningoja. Kuna kundi la vijana, wengi wenu hapa, mtaniambia: wewe unajisumbua bure, lupu ni takataka ya kale, watengenezaji wenyewe waliiacha wakahamia SAS na swichi, tupa hiyo kitu nunua mpya. Hawa nawaheshimu kiufundi, lakini nawauliza: kwa chapaa ya nani? Sacco ya wakulima wa chai haina bajeti ya benki. Shule ya upili haina. Wakiniambia wana makabati mawili ya lupu, yanafanya kazi, na diski za akiba kwenye sanduku, siwaambii watupe. Nawaambia wapange. Lupu mbili fupi zilizopangwa zinashinda swichi mpya iliyochomekwa na mtu asiyejua anachofanya. Na ukinunua hiyo swichi halafu ukaacha kila seva ione kila diski, hujatatua kitu. Umenunua tu aibu yenye taa nyingi.

Kwa hivyo, kijana, mchoro wako naurudisha. Toa tepu kwenye lupu ya diski. Ipe kadi yake na waya wake mpaka kwa seva moja, hata kama ni ile ya zamani zaidi. Hiyo peke yake ingeokoa ile Januari. Kabati mbili zigawe, kila moja na lupu zake. Habu mbili, stima mbili tofauti, na waya zipite kuta tofauti. Seva inayojizima usiku usiilete karibu na diski za akaunti za wanachama, itafutie diski zake za ndani, au bora zaidi mtafute kwa nini inachoka. Na kila seva ionyeshwe diski zake tu, kwa sababu Windows ikiona diski isiyoijua inauliza kama iisajili, na kuna siku mtu atabonyeza ndiyo.

Kisha futa hiyo 126 kwenye karatasi. Mahali pake andika majedwali ya saa: saa mbili asubuhi nani anasoma nini, saa nne usiku nani, diski ikifa nani anasubiri. Usipojua, kaa hapo usiku mmoja na daftari uangalie. Kama mnunuzi ni wewe meneja, usilipe salio mpaka muuzaji achomoe waya mmoja mbele yako, makarani wakiwa kazini, na hakuna anayepiga kelele. Akikataa kuchomoa, ameshakujibu.

Nimemtumia haya yote jana. Akanijibu saa sita usiku kwamba muuzaji amekasirika, anasema kuchomoa waya kunaharibu waranti. Waranti ya mtumba, wadau! Hata hivyo katibu wa Sacco amekubali. Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla wafungue, nitakuwa hapo kushika tochi nyuma ya kabati huku kijana akichomoa lupu A. Katibu anasema atakuja na kitabu chake na atakaa mpaka mwisho.